Duka la Ndugu Yetu ni la Nani?



Katika mtaa wetu kijana mmoja wa ukoo wetu alifungua duka dogo. Aliuza sabuni, chumvi, mafuta ya mawese na samaki wakavu. Alikuwa mtu wa kazi. Hakulewa, wala hakuchelewa kufungua mlango. Hata hivyo duka halikumaliza miaka miwili. Wezi hawakuliingia, moto haukuliunguza. Tulilimaliza sisi, ndugu zake. Mmoja alichukua mafuta kwa sababu ya kilio, mwingine sabuni kwa sababu ya uzazi. Nasi tunaoandika maneno haya tulichukua chumvi na samaki, tukasema: «Tutalipa mwisho wa mwezi.» Hatukulipa. Tulifikiri moyoni: Je, huyu si mtoto wetu?

Ndiyo maana tunauliza leo: mtu anayemnyima ndugu yake kitu cha duka, je, amekosa upendo? Na ndugu anayechukua bila kulipa, je, amechukua kilicho chake?

Kwanza, tusiwadharau wazee wetu. Desturi yao ya kugawanya ilikuwa na akili. Nyama ya mawindo huoza upesi. Aliyemgawia jirani leo, kesho alikula kwa jirani. Tumbo la jirani ndilo lililokuwa ghala yake.

Lakini mali ya duka si kama nyama ya mawindo. Tuhesabu kidogo. Tuseme mwenye duka akiuza sabuni kumi, feza ya tisa ni ya kununua nyingine kumi, na feza ya moja tu ndiyo faida yake. Basi ukichukua sabuni moja bure, itampasa auze nyingine tisa ili kuziba pengo la ile moja. Ndugu watatu wakichukua moja moja, auze ishirini na saba, naye bado hajapata hata franka ya kuwalisha watoto wake. Mtaji ni mbegu. Nyumba inayopika mbegu zake hushiba jioni moja, kisha huona njaa mwaka mzima.

Pengine mtu atasema: «Basi, utamaduni wetu ni adui wa biashara.» Neno hilo lina watetezi. Mwaka 1980 mtaalamu wa Uholanzi, Geert Hofstede, alitoa kitabu juu ya tabia za mataifa. Alilinganisha majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi, akaonyesha kwamba katika mataifa mengine mtu hujitazama kwanza yeye mwenyewe, na katika mengine hujitazama kwanza kama mtu wa kundi lake. Toka hapo wako wanaodhani kwamba mtu wa kundi hawezi kuendesha biashara vizuri.

Sisi hatukubali. Tazameni Butembo, katika Kivu ya Kaskazini. Wafanyabiashara Wanande ni watu wa ukoo kama sisi. Zamani walipeleka maharagwe na mboga kwa malori mpaka Kisangani. Baadaye walifika mpaka Dubai na China kutafuta bidhaa. Kwao ukoo umekuwa mdhamini: mkubwa humkabidhi kijana bidhaa kwa kuliamini neno lake, naye kijana huuza na kurudisha. Asiyerudisha hupoteza jina lake.

Hata mtaani kwetu tunajua kulinda feza. Katika likelemba kila mmoja hutoa sehemu yake, na kila mmoja hupokea kwa zamu. Anayepokea kisha akaacha kutoa, mtaa mzima humwonyesha kidole. Ni watu wale wale, na utamaduni ule ule! Katika likelemba tumepatana sheria. Dukani hatukupatana lolote.

Tena, kula mtaji si kosa la jamaa peke yao. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na kupewa wananchi. Wengi waliopewa waliuza vilivyokuwamo, wasinunue vingine, na maduka yakabaki matupu. Mwaka 1976 serikali ilikubali kuwarudishia wenyewe wa kwanza. Hao hawakulazimishwa na shangazi wala mjomba. Walihesabu mtaji kuwa faida, basi.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Anayechukua bila nia ya kulipa anavunja amri ya saba, hata kama mwenye duka ni mtoto wa dada yake. Lakini mwenye duka anayejificha nyuma ya daftari asimsaidie hata mgonjwa, naye ana kosa. Atenge katika faida sehemu ya jamaa, kila mwezi, na wote waijue. Ikiisha, imeisha. Na sisi ndugu, tukipenda kumsaidia, twende kununua kwake kwa feza mkononi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi tulikwenda kulipa deni letu. Duka lilikuwa limekwisha kufungwa. Mwenyewe alikuwa akisukuma mizigo ya watu sokoni, na mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa feza ya shule. Alipokea feza yetu kwa mikono miwili, akashukuru. Ilitosha kununua chumvi ya nyumbani. Haikutosha kufungua tena duka.