Anayepika Pombe na Anayeinywa

Liko swali moja ambalo wakristu wengi huulizana kwa sauti ya chini, hasa wakati wa mavuno, mtama ukiisha kuingia ghalani na nyungu zikiisha kuoshwa. Mtu amepika pombe nyumbani mwake, katika sufuria yake mwenyewe. Amewapa wengine, nao wamekunywa. Mmoja wao amelewa, akampiga mke wake, au akamaliza mshahara wa mwezi mzima. Je, yule mpishi ana neno la kujibu mbele ya Mungu? Au dhambi yote ni ya mnywaji peke yake?

Wako wanaojibu upesi. Wa kwanza asema: pombe ni kitu kibaya, basi anayeipika ni mbaya. Wa pili asema: mimi napika tu, kila mtu na koo lake. Sisi twaona kwamba majibu haya mawili yametoka kwa watu ambao hawakukaa hata saa moja karibu na jiko la mpishi wa pombe. Tukae basi tuitazame kazi yenyewe.

Hatusemi habari za lutuku, wala za kileo chochote kinachochemshwa ili mvuke wake ukusanywe. Hilo ni jambo lingine, lina hatari zake. Twasema habari za pombe ya nafaka, ile inayotengenezwa kidogo kidogo juu ya moto wa jikoni. Katika Ulaya na Marekani wako watu wengi leo wanaoipika hivyo nyumbani, ingawa duka la chupa liko karibu na mlango wao. Kwetu mama zetu wameifanya tangu zamani. Desturi ni mbili, kazi ni moja.

Nafaka haigeuki pombe hivi hivi. Ndani ya punje mna wanga, na chachu haiwezi kuula wanga. Chakula chake ni sukari. Lazima wanga ufunguliwe kwanza. Na ufunguo umewekwa ndani ya punje yenyewe: ukiilowesha na kuiacha iote, yaanza kutengeneza nguvu ya kuvunja wanga wake, ili mche upate kula. Hapo mpishi huikatiza, huianika mpaka ikauke. Hicho ndicho kimea. Watu wa Ulaya hutumia zaidi kimea cha shayiri, sisi cha mtama, ulezi au mahindi. Huko Katanga watengenezaji wa munkoyo wana ufunguo mwingine: huponda mizizi ya mmea wa porini na kuitia katika uji wa mahindi ulio vuguvugu, na uji ule mzito hulegea, ukawa mwepesi na mtamu. Nani aliyewafundisha? Hakuna kitabu.

Anayepika kwa shayiri hufanya hivi. Kwa lita 20 za pombe huchukua kilo 4 au 5 za kimea, akazipasua punje bila kuzifanya unga laini, maana maganda yatamsaidia kuchuja. Huzitia katika maji ya moto, akaangalia mchanganyiko ule ukae kati ya digri 65 na 68 kwa muda wa saa nzima. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Moto ukizidi ukafika digri 80, ule ufunguo hufa, haufufuki, na wanga hubaki wanga. Moto ukipungua mno, kazi hulala. Kwa hiyo mpishi haendi sokoni wala haendi kuongea na jirani. Akaa karibu na sufuria, kipimajoto mkononi, na sufuria ameivika blanketi kama mtoto mwenye homa. Halafu huchuja, husuuza makapi kwa maji mengine ya moto ili utamu usipotee, huchemsha maji yale matamu kwa saa moja pamoja na maua machungu ya mmea uitwao hopi, ambayo huilinda pombe isiharibike upesi. Hupoza mpaka digri 20 hivi, ndipo hutia chachu. Chachu hufanya kazi yake juma moja au mawili. Makapi hupewa kuku na nguruwe.

Siku nzima, kwa lita 20! Wako wanaofupisha njia kwa kununua kimea kilichokwisha kufanywa kama asali nzito kiwandani. Hao hatuwalaumu. Wako pia wanaomimina mfuko wa sukari ili pombe ipate nguvu. Sukari si kosa, hata wapishi wa Ubelgiji huitumia. Lakini anayetia sukari kwa ajili ya nguvu tu, yeye amekwisha kuamua pombe yake ni ya kufanya nini, tena ameamua kabla haijaonjwa na mtu.

Sasa turudi kwenye swali. Kwamba kitu chenyewe si kibaya, hilo si gumu kuonyesha. Katika kitabu cha ibada cha Kirumi, kiitwacho Rituale Romanum, mna baraka ya pombe, na Kanisa halibariki kitu kilicho kibaya kwa asili yake. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwaandikia wamonaki wake sura nzima, sura ya 40 ya Kanuni yake, juu ya kipimo cha kinywaji. Aliona vema zaidi mmonaki asinywe divai kabisa, lakini kwa kuwa hakuweza kuwashawishi watu wa wakati wake, aliwawekea kipimo cha kila siku na kuwakataza kunywa mpaka kushiba. Na wale wamonaki wa Trapisti wa Ubelgiji, wa Orval, Westmalle, Chimay, Westvleteren, wanafuata Kanuni hiyohiyo, na wanatengeneza pombe mpaka leo.

Ugumu waanza baadaye. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza swali linalofanana na letu, ingawa yeye alikuwa akisema habari za mapambo ya wanawake. Je, fundi atenda dhambi akitengeneza kitu ambacho wengine watakitumia vibaya? Akapambanua. Kitu kisichoweza kutumika ila kwa dhambi, anayekitengeneza atenda dhambi. Kitu kinachoweza kutumika vema au vibaya, kama panga na mishale, kukitengeneza si dhambi. Na kama kitu kwa asili si kibaya, lakini watu wengi zaidi hukitumia vibaya, Tomaso asema yafaa mtawala aiondoe kazi hiyo katika nchi.

Pombe i wapi hapo? Wapishi wengi watajiweka upesi katika kundi la panga. Nasi twakubali. Lakini tutazame tofauti moja. Mfua panga auza panga lake sokoni kwa mtu asiyemjua, mtu yule aenda zake, na panga litakata kuni au litakata mtu. Mfua panga hana njia ya kujua. Kiwanda cha pombe nacho ni hivyo. Chupa zatoka kwa maelfu, zapakiwa katika malori, na mwenye kiwanda hajui chupa fulani imefunguliwa na nani. Je, umbali huo wamwondolea kila neno? Hatudhani, lakini leo si swali letu. Mama aliyepika lita 20 katika jiko lake, yeye hana umbali wowote. Vikombe vyake ni 40 vya nusu lita. Kila kikombe akitoa kwa mkono wake. Amjua anayepokea, amjua mke wake, ajua watoto wake wamefukuzwa shule juzi kwa sababu feza ya masomo haikulipwa. Ajua huyu akipita kikombe cha tatu huanza kucheka, na akipita cha tano huanza kupigana.

Basi sisi twasema hivi: udogo wa sufuria ndio unaomtetea mpishi, na udogo huohuo ndio unaomshtaki. Wamtetea, kwa sababu pombe yake ni kazi ya mikono yake, nafaka safi, ya kuwakaribishia wageni na kuwalipa waliokuja kumlimia. Wamshtaki, kwa sababu hawezi kusema kwamba hakujua. Siku nzima aliangalia digri tatu za moto zisipite. Atasemaje kwamba hakuweza kuangalia mtu mmoja, naye yuko mbele ya macho yake?

Tunasikia mtu akituuliza: na mjane je? Yuko mjane ambaye hana shamba kubwa wala mshahara, na pombe ndiyo inayowalisha watoto wake. Mkimwambia asimpe mlevi kikombe cha tano, mmeondoa mkate mezani pake. Swali hili ni zito, nasi hatupendi wale wanaolijibu wakiwa wameshiba. Mlevi ndiye anunuaye kuliko wote. Watu wa kiasi hununua kikombe kimoja na kwenda zao. Hao hawalipi feza ya masomo. Kwa hiyo mjane akifuata tuliyosema, atapata hasara ya kweli. Lakini atazame pia feza hiyo ya kikombe cha tano yatoka wapi. Ikiwa yatoka mfukoni mwa baba ambaye watoto wake hawana chakula, basi mjane awalisha watoto wake kwa chakula cha watoto wa jirani. Hilo halitamki mtu, lakini sivyo ilivyo?

Wako wanaosema tena: nikimnyima, ataenda kwa jirani, naye atampa. Yawezekana. Kwa neno hilo mtu aweza kuhalalisha wizi wote wa ulimwengu.

Sheria za nchi nyingine zimejaribu kuweka mpaka mahali pa kuuza. Uingereza, tangu mwaka 1963, mtu apika pombe nyumbani kwake bila kuomba ruhusa wala kulipa kodi, mradi asiiuze. Marekani, rais Carter alitia sahihi sheria ya namna hiyo mwaka 1978: mtu mzima mmoja apata kutengeneza galoni 100 kwa mwaka, ndizo lita 378 hivi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, kunywa na kugawa ni ruhusa, kuuza hapana. Serikali ina sababu zake, na kodi ni mojawapo. Lakini mbele ya dhamiri, je, mpaka ni kuuza? Anayempa mlevi pombe bure hakumfanyia mema zaidi kuliko aliyemwuzia. Na wamonaki wa Westvleteren wanauza. Ila hupika kwa kiasi cha kutunza nyumba yao, hawaongezi kwa sababu watu wanaitaka zaidi. Mnunuzi hujiandikisha mbele, hupewa kwa hesabu, na huombwa asiiuze tena kwa wengine. Pombe yao yatafutwa duniani kote, nao wangeweza kuwa matajiri. Kwa hiyo twafikiri mpaka si feza. Mpaka ni kama mpishi yu tayari kusema yatosha, hata kama feza iko mbele yake mezani.

Liko neno jingine, nalo ni la nafaka. Kilo 5 za mtama ni bugali wa nyumba kwa siku kadhaa. Mwezi wa mavuno hakuna shida. Lakini katika miezi ile ghala limebaki vumbi, na mvua mpya bado haijaleta kitu, mtu achukuaye mtama wa mwisho akaulowesha ili uote, huyo hahitaji mlevi yeyote ili awe na neno la kujibu. Watoto wake wamjibu.

Mpishi mmoja aweza kutuuliza jambo la mwisho, dogo, ambalo hutokea kila Jumapili jioni. Mtu amekwisha kunywa vya kutosha, ataka kingine. Mama afunika nyungu na kumwambia: «Baba, imekwisha.» Nayo haikwisha. Je, ni uongo? Wako watakaosema kwamba ni uongo wa huruma. Sisi hatupendi uongo hata wa huruma, na zaidi ya hayo haufai kitu: yule baba atasikia harufu, ataona mwingine akipewa, na ugomvi utakuwa mkubwa kuliko wa mwanzo. Amwambie tu: «Yako imekwisha.» Neno hilo ni la kweli, tena ni gumu kulisema, kwa maana anayelisema lazima akae palepale karibu na nyungu yake, atazamane na mtu ambaye kesho atakutana naye kisimani, na huenda atasusiwa juma zima. Mama anayeweza kulisema apike pombe yake kwa amani.