Ndege Haiifuti Safari

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Kutoka Entebbe hadi Jeddah ni kama kilomita 2,500, na ndege ya moja kwa moja huzimaliza kwa saa 4 hivi. Abiria ameketi, ameletewa chakula, hakuona vumbi wala jua. Je, huyu naye apunguze swala?

Naam, apunguze. Katika madhehebu ya Shafii kinachopimwa ni masafa: marhala 2, ambazo wengi huzikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alikwishaeleza katika Minhaj kwamba anayeyakata masafa hayo baharini kwa muda mfupi hupunguza vilevile. Ndege haikuwapo, lakini hukumu ilikuwapo.

Tena Sayyidna Umar alipoulizwa kwa nini watu wapunguze swala ilhali hofu ya vita imekwisha, alijibu kwamba naye alimuuliza Mtume (S.A.W.), akaambiwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni. Ameipokea Imamu Muslim. Sadaka ya Mola hairudishwi kwa sababu kiti kilikuwa laini.

Sasa tujipime sisi. Mwenzetu wa Mafubira anayekwenda kupanda ndege Entebbe ana zaidi ya kilomita 100 za barabara, na foleni ya Kampala yaweza kumla saa nyingi kama ndege yenyewe. Akishayaacha majengo ya mji wake, ni msafiri. Adhuhuri na Alasiri anaweza kuziunganisha pale uwanjani, rakaa mbilimbili. Lakini mkazi wa Entebbe hajawa msafiri mpaka auache mji wake, ingawa wamesimama foleni moja na tiketi zao ni za ndege moja.

Kinyume chake, anayetoka Mafubira kwenda sokoni Jinja akakwama njiani saa nzima, huyo si msafiri. Amechoka, lakini hana ruhusa.

Na hili ndilo linalotugusa zaidi hapa Mbale. Aliyetoka Jinja kuja chuoni ni msafiri akiwa njiani. Akifika na nia ya kukaa siku 4 kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa imekoma. Muhula ni miezi. Asiseme, "Kwetu ni Mafubira," akaswali rakaa mbili bwenini.

Alfajiri nayo haipunguzwi wala haiunganishwi. Ikikukuta angani na wakati utatoka kabla ya kutua, iswali humo humo kadiri uwezavyo. Ukikosa kusimama au kuelekea kibla, irudie ukishatua. Usiseme, "Nitalipa Jeddah," ukalala.

Ndugu zangu, anayekataa ruhusa aliyopewa na anayejipa ruhusa asiyopewa, wote wawili wameacha kumsikiliza Mola wao. Kabla ya kufunga begi, tazama saa ya kuondoka, tazama nyakati za swala, kisha tia nia.

Ewe Mola, tusahilishie safari zetu, na uijaalie swala iwe ya kwanza katika mizigo yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.