Kamera, mawingu na macho ya watu wa Aadi

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake.

Ama baad. Nimeulizwa zaidi ya mara moja, msikitini na darasani, ustadhi anatafuta nini na kamera juu ya mawe ya baharini kila mwisho wa wiki. Wapo wanaouliza kwa mzaha, na wapo wanaoihofia dini yangu. Swali ni la haki. Na kwa kuwa vijana wengi wa Kiislamu hapa Dar es Salaam siku hizi wanaamkia Coco Beach na Kigamboni, simu mkononi, kupiga picha za mawimbi na mawingu, naona ni vyema lijibiwe hadharani.

Hukumu yenyewe haina uzito mkubwa. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya picha za viumbe wenye roho. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuhalalisha picha za kamera, na wengine baada yake wakawa wakali zaidi. Lakini Ibn Abbas (RA) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora, alimuelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Mwamba hauna roho, wala wingu halina. Na anayesema kamera ni jambo la makafiri, basi akasome habari za Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Cairo karibu mwaka 1040, namna alivyochunguza nuru inayoingia katika chumba chenye giza kwa kupitia tundu dogo. Tusipoteze wino hapo.

Suala zito ni hili: jicho linaloangalia kupitia kioo kile, linaangalia nini?

Ndugu Waislamu, ibada zetu zimefungamanishwa na anga. Swala kwa jua, funga na Hija kwa mwezi. Lakini sisi watu wa mjini anga letu ni kalenda ya ukutani na saa ya simu. Wanafunzi wangu wanaweza kuandika kwenye mtihani tofauti ya alfajiri ya uongo na alfajiri ya kweli, wakapata alama zote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona. Wanacheka wakisikia kisa cha Adiy bin Hatim (RA), aliyeweka nyuzi mbili, nyeupe na nyeusi, chini ya mto wake, mpaka Mtume (SAW) akamfahamisha kuwa makusudio ya aya ya 187 ya Suratul Baqarah ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Wanacheka! Adiy angalau aliamka akatazama.

Mimi alfajiri ya uongo niliiona kwa sababu ya kamera. Oysterbay huioni, taa za mji ni nyingi. Inabidi uende mbali kusini mwa Kigamboni, kuelekea Kimbiji, usiku usio na mwezi, uweke kamera juu ya stendi na uache lenzi wazi kwa nusu dakika. Ilitokea nuru hafifu, imesimama wima kutoka baharini, nyembamba juu, kama vile mafakihi walivyoifananisha na mkia wa mbwa mwitu. Wataalamu wa falaki wanasema ni mwanga wa jua unaorudishwa na vumbi lililotawanyika baina ya sayari. Baadaye weupe mwingine ukaja, huu ukatandaa kulia na kushoto juu ya upeo wa bahari. Picha hizo mbili nimezibandika darasani. Maelezo ya ubaoni niliyafuta.

Hata mawe yenyewe ni somo. Yale majabali makali ya Oysterbay yanayochana ndala ni matumbawe. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita yalikuwa mwamba hai chini ya maji, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na ukiinama bado unaona maumbo ya matumbawe ndani ya jiwe. Sasa mawimbi yanayala kwa chini hadi yanabaki yameinama kama uyoga.

Tuje kwenye mawingu, na hapa ndipo ninapowahofia wenzangu na kujihofia nafsi yangu. Mpiga picha hapendi anga safi. Anapenda masika, wingu zito linapopanda juu ya bahari. Aya ya 43 ya Suratun Nur inaeleza hatua hizo hizo: mawingu yanasukumwa polepole, yanaunganishwa, yanarundikwa tabaka juu ya tabaka, kisha mvua inatoka kati yake. Tunaliona hilo Aprili na tunafurahi.

Lakini Bibi Aisha (RA) anasimulia kwamba Mtume (SAW) alipoona wingu la mvua uso wake ulibadilika, akawa anatoka na kuingia, mpaka inyeshe ndipo atulie. Alipoulizwa, alikumbusha habari ya watu wa Aadi, walioliona wingu likielekea mabondeni mwao wakashangilia kuwa ni mvua, kumbe ndiyo adhabu. Ni kisa cha Suratul Ahqaf, aya ya 24.

Hebu tujiulize, tunapolielekezea wingu kamera na kusema "limependeza", tumesimama upande wa nani? Julai 2012 meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali, wakafa ndugu zetu wengi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Bahari iliyochafuka ni picha nzuri kwa aliyesimama nchi kavu. Sisemi tusipige. Nasema mkono ukibonyeza, ulimi nao umuombe Allah kheri ya upepo ule na kinga ya shari yake, kama alivyofanya Mtume (SAW).

Na kuna wenzetu wanaofika kwenye mawe gizani, wakasubiri rangi mpaka jua linachomoza, na Alfajiri hawajaswali. Hao siwaelewi. Tangu alfajiri ya kweli hadi jua kuchomoza ni zaidi ya saa nzima! Swala inatosha na picha inatosha. Wengine wanalipaka anga zambarau kwa kompyuta kisha wanatuambia ni Kigamboni. Huo ni uongo tu.

Anayetaka kwenda aangalie kwanza tarehe ya Kiislamu, maana ndiyo inayomwambia maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa kabla ya alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku hizo akae juu, mbali na ukingo. Tarehe 8 au 22 ni maji mafu, na alfajiri huwa yamepwa. Achukue msala, na viatu vya soli ngumu.

Wabillahi tawfiq.