Bibi wa Mbare na Ufundi wa Kusikiliza

Mtu akisema kwamba kila wiki anakwenda kuzungumza na mnasihi, na kwamba anamlipa, wengi Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi humtazama kwa mashaka. Kwani hana dada? Hana rafiki, shehe wala mchungaji? Inakuwaje mtu mzima na akili zake atoe fedha ili asikilizwe? Swali hilo si la kubeza, maana nauli na unga navyo vinaitaka fedha hiyohiyo. Lakini linastahili jibu, na jibu zuri kuliko yote halikutoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi na makochi. Lilitoka Mbare, mtaa mkongwe uliosongamana watu katika jiji la Harare, Zimbabwe, na waliolitoa ni kina bibi.

Mwaka 2005 daktari Dixon Chibanda alikuwa mmoja wa madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wanaohesabika kwa vidole katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 10. Mgonjwa wake mmoja, binti wa miaka 26, alijiua. Mama wa binti alimweleza kwamba walitaka kurudi hospitali kama walivyoagizwa, ila walikosa dola 15 za nauli ya basi. Chibanda ameisimulia habari hiyo mara nyingi hadharani, na ndiyo iliyomfanya aone kwamba ubingwa wake ulikuwa umefungiwa ndani ya jengo ambalo wanaouhitaji hawawezi kulifikia.

Mwaka huohuo serikali ya Zimbabwe iliendesha operesheni ya kubomoa makazi na vibanda vya biashara mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, riziki, au vyote viwili. Mbare iliguswa vibaya. Chibanda alipotaka kuanzisha huduma pale, vyumba vya zahanati vilikuwa vimejaa na wauguzi wamezidiwa na kazi. Alichopata ni uwanja wa nje na wanawake 14, wahudumu wa afya wa mtaa, wengi wao wakiwa na wajukuu. Ndipo mwaka 2006 wakaanza, kwenye mabenchi ya mbao. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Kina bibi wakashauri liitwe Benchi la Urafiki.

Kinachofanyika pale kinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo penye jibu la swali la dada na rafiki.

Bibi hukaa upande mmoja wa benchi akiwa na karatasi yenye maswali 14 kwa Kishona. Maswali hayo yalitayarishwa miaka ya 1990 na Vikram Patel na wenzake hukohuko Harare, kwa kufuata namna watu wa pale wanavyoyaeleza mateso yao. Je, katika wiki hii iliyopita umekuwa ukiwaza mno? Umekosa usingizi? Umeshtushwa na mambo madogo? Umejisikia kutaka kujiua? Hili la mwisho huulizwa waziwazi, bila kuzungukazunguka, na anayejibu ndiyo hupelekwa kwa msimamizi mwenye utaalamu zaidi. Anayejibu ndiyo kwa maswali mengi huanza vikao.

Katika kikao cha kwanza mgeni humwaga yote: mume aliyehama, kodi ya chumba, virusi vya ukimwi ambavyo hajamwambia mtu, mtoto aliyeacha shule. Bibi hamkatizi. Hamwambii kwamba wengine wana makubwa kuliko hayo, wala hamtajii ndugu aliyepitia hivyohivyo akapona. Anapomaliza, humsaidia kuyataja matatizo moja baada ya jingine, kisha humtaka achague moja tu la kuanza nalo. Njia ya kulikabili hutoka kwa mgeni mwenyewe: nani wa kuongea naye, lini, kwa maneno gani. Wiki inayofuata anarudi, wanatazama kilichowezekana na kilichokwama. Vikao huwa takriban sita. Baadaye wengi hujiunga na vikundi vya waliopitia benchi, ambako husuka mifuko ya kuuza huku wakiendelea kuzungumza.

Ni wangapi kati yetu wanaoweza kumsikiliza mtu hivyo? Dada ana uchungu wake, na mara nyingi amekwisha kuchukua upande kabla habari haijafika katikati. Rafiki atasema pole, jikaze, na kwa nia njema kabisa atayahamishia kwake mazungumzo. Mzee wa familia ana heshima ya ukoo ya kulinda. Kiongozi wa dini huombea, na dua ina nafasi yake moyoni mwa muumini ambayo hakuna mnasihi wa kuichukua, lakini si kila kiongozi wa dini amefundishwa kumtambua mtu ambaye usiku wa leo hapaswi kuachwa peke yake. Anayelipwa kusikiliza analipwa kwa hilo hasa: hana urithi wa kugombea, hana shemeji wa kumtetea, siri haitoki, na anajua aulize nini baada ya kimya. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini siri humlemea mtu asiye na pa kuisemea.

Matokeo yalipimwa. Watafiti waliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24 za Harare na kuchapisha mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Nusu ya zahanati zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa, nusu zilitumia benchi. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa asilimia 13.7. Kwa wenzao walikuwa asilimia 49.9. Kina bibi hao walikuwa wamefundishwa kwa siku zisizofika wiki mbili.

Anayedhani hayo ni ya Zimbabwe peke yake aangalie Uganda. Katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, eneo lililoumizwa sana na ukimwi, watu wenye sonona walikutana katika vikundi kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2003. Mwishoni waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, ilhali vijiji ambavyo havikupata vikundi vilibaki na asilimia 54.7. Nairobi nako, wanawake 421 wa pembezoni mwa jiji, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliopewa vikao vitano na wahudumu wa afya wa jamii walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko wale wa huduma ya kawaida.

Benchi lina mipaka, na ni hatari kuificha. Mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au ambaye furaha yake hupanda hadi halali siku kadhaa na kisha kuporomoka, anahitaji daktari na mara nyingi dawa. Kumwachisha dawa mtu wa aina hiyo kwa sababu amepata wa kuongea naye ni kumdhuru. Hospitali kubwa zina kazi yake. Tatizo ni kwamba majina yake tumeyageuza matusi: Tanzania mtu akikosea kidogo huambiwa ni wa Mirembe, Kenya huambiwa apelekwe Mathari. Mirembe imekuwepo Dodoma tangu miaka ya 1920, na kwa karibu miaka mia imewauguza watu wetu, wakarudi makwao. Mama anayemkanya mwanawe kwa kumtishia Mirembe anamfundisha kwamba siku akiugua asiseme.

Sheria nazo zimefundisha hivyohivyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 chenye maana hiyohiyo, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa. Mtu aliyeokolewa kutoka ukingoni anahitaji kitanda, mtu wa kuketi naye na uangalizi wa wiki nyingi. Kumfikisha mbele ya hakimu ni kuifanya familia nzima ifiche jaribio la kwanza, na hapo hakuna mtaalamu atakayejua kwamba limetokea.

Tayari mwaka 2020 kikosi kazi cha Kenya kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Benchi lenyewe limeshavuka hadi Zanzibar. Mwaka 2023 Kenya iliwakabidhi wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 vifaa vya kupimia sukari, shinikizo la damu na uzito, na mwaka 2024 Tanzania ilizindua mpango wake wa kuwapeleka wahudumu kama hao hadi vitongojini. Watu wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaojulikana kwa majina, wanaoketi kwenye mikeka ya wenyeji wao, tunao. Waongezewe siku chache za mafunzo, karatasi ya maswali kwa Kiswahili, msimamizi wa kumpigia simu mambo yanapokuwa mazito, na posho inayofika kwa wakati. Wizara za afya za Nairobi, Dodoma na Zanzibar zinaweza kuyaingiza hayo katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha.