Kiti Ulichorithi Mapema: Tafakari ya Kristo Mfalme kwa Vijana

Mpendwa kijana mwenzangu, popote unaposoma hapa, iwe Liganga, Ludewa mjini, Njombe au pale Makambako unaposubiri basi, karibu tutafakari pamoja.

Masomo ya Dominika ya Kristo Mfalme, Mwaka C: 2 Samweli 5:1-3, Wakolosai 1:12-20, Luka 23:35-43. Hebu yasome kwanza kwenye Biblia yako, halafu urudi.

Sherehe hii iliwekwa na Papa Pius XI mwaka 1925. Mwaka 2020 Papa Fransisko akaamua kwamba Siku ya Vijana inayoadhimishwa majimboni ihamie siku hii hii. Kwa hiyo Kristo Mfalme ni sikukuu yetu vijana kabisa, na si bahati mbaya. Kanisa linataka ujiulize swali moja: wewe na ufalme mnahusianaje?

Najua wengine mtacheka. Ufalme gani? Mtu yuko shambani kwa watu anapalilia viazi, mwingine anapakia mbao, mwingine anaendesha bodaboda ya tajiri na jioni lazima apeleke hesabu. Mfalme wapi hapo? Subiri kidogo.

Mtoto aliyekalishwa kitini

Kuna ufalme jirani zetu kule magharibi mwa Uganda unaitwa Tooro, makao yake yako Fort Portal. Mwezi Agosti 1995 mfalme wao, Patrick Kaboyo Olimi III, alifariki. Mwanaye Oyo Nyimba alikuwa amezaliwa Aprili 1992. Tarehe 12 Septemba 1995, akiwa na miaka mitatu na miezi mitano tu, akasimikwa kuwa mfalme. Ngoma zikapigwa usiku, mila zote zikafuatwa, kisha askofu wa Kianglikana akamwombea na kumvika taji, na Rais Museveni akiwepo. Inasimuliwa kwamba katikati ya sherehe mtoto alichoka, akateremka kitini na kukimbilia mapajani kwa mama yake.

Tunaweza kucheka hapo, ni mtoto. Lakini tazama vizuri. Watu wazima wanashangilia, na mtoto anamtafuta mama. Kwa nini? Kwa sababu ile sherehe ilikuwa pia msiba. Asingekaa pale kama baba yake angekuwa hai. Taji lake lilitoka kaburini.

Hata hapa jirani ni hivyo. Mwaka 2015, ukoo wa Mkwawa kule Iringa ulipompoteza chifu wake, mtoto wake Adam alisimikwa akiwa na miaka 14. Umri wa kuwaza mtihani wa kidato cha pili! Wenzake wanawaza mpira, yeye anakalishwa mbele ya wazee.

Sasa basi, ndugu yangu, huenda na wewe unakijua hicho kiti. Katika mkoa wetu wa Njombe wako vijana wengi waliorithi mapema. Hawakurithi taji, walirithi wadogo watatu, nyumba inayovuja na shamba lenye ugomvi wa mipaka. Baba alikwenda, mama akafuata, na siku ya arobaini wazee wakasema, "Sasa wewe ndiye baba wa hapa." Una miaka 16. Hakuna aliyekupigia ngoma. Hakuna aliyekuuliza kama uko tayari.

Kwako wewe hasa Injili ya leo inazungumza.

Ulipakwa mafuta kabla hujajua kusema

Siku ya Ubatizo wako padre alikupaka Krisma takatifu utosini. Sala ya pale inasema wazi kwamba unaunganishwa na Kristo aliye Kuhani, Nabii na Mfalme. Wengi wetu tulikuwa wachanga, tumelala au tunalia kama Oyo. Hatukuelewa kitu. Lakini mafuta yalipakwa, na hayafutiki.

Yaani ulisimikwa kabla hujajua kutembea. Kisha ikaja Kipaimara, ukapakwa tena, safari hii kwenye paji la uso. Huko mfano wa Oyo unatusaidia. Aliitwa mfalme tangu 1995, lakini mzigo wa ufalme alianza kuubeba mwenyewe mwaka 2010 alipotimiza miaka 18. Kule Japani nako, Mwanamfalme Hisahito alizaliwa ndani ya ukoo wa kifalme mwaka 2006, ila ilibidi ifike Septemba 2025 ndipo avikwe ile kofia ya mtu mzima na kuahidi mbele ya watu kutimiza wajibu wake. Cheo walikuwa nacho tangu zamani. Kukikubali ndiko kulikosubiriwa.

Kipaimara ndiyo siku yako ya kusema "ndiyo" kwa kitu ulichopewa ukiwa mchanga. Je, ulisema kweli? Au uliifanya iwe siku ya suti, keki na picha, halafu Jumapili iliyofuata hatukukuona?

Daudi alipakwa, akarudi kuchunga

Tazama somo la kwanza. Makabila ya Israeli yanakuja Hebroni kumpaka Daudi mafuta awe mfalme wao. Lakini hii siyo mara ya kwanza kupakwa. Ukisoma 1 Samweli 16, utaona alipakwa na Samweli akiwa bado kijana mchungaji, mdogo wa mwisho, hata hakuitwa nyumbani wageni walipofika. Baada ya pale alirudi kwa kondoo. Akapigana, akakimbizwa na Sauli, akalala mapangoni. Alipoanza kutawala alikuwa na miaka 30 (2 Samweli 5:4).

Hapo katikati ndipo tulipo wengi wetu. Tumepakwa, lakini bado tunachunga kondoo. Milima yetu ya Liganga imejaa chuma, kila mtu anajua. Lakini jiwe lenye chuma siyo jembe. Mpaka lipite motoni. Usidharau moto unaopita sasa, maana Mungu hajasahau kilichomo ndani yako.

Na jambo lingine: usipite peke yako. Mtoto Oyo alikuwa na walezi. Mama yake Best Kemigisa, shangazi yake Elizabeth Bagaaya, hata Rais wa nchi alihesabiwa kati ya walezi wake. Hakuna aliyemwacha mtoto wa miaka mitatu aendeshe ufalme. Kanisa nalo lilikupa walezi. Msimamizi wako wa Ubatizo na wa Kipaimara yuko wapi? Mara ya mwisho kumpigia simu ni lini? Na wewe uliyeachiwa wadogo, siyo aibu kwenda kwenye Jumuiya Ndogondogo ukasema, "Wazee wangu, nimeshindwa ada ya mdogo wangu." Mfalme anayeomba msaada hapungukiwi na ufalme wake.

Kwa nyinyi wazazi na viongozi wa jumuiya mnaosoma hapa: kijana akikalishwa kitini mapema, mnamzunguka au mnamtazama kwa mbali mkisubiri aanguke?

Mfalme kijana na watumishi vijana

Kuna historia tunayoisikia kila tarehe 3 Juni, ila upande mmoja huwa tunausahau. Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyewaua Mashahidi wa Uganda, alikuwa kijana. Alirithi kiti mwaka 1884 baba yake Mutesa alipofariki, naye akiwa na miaka kama 16. Rika lako! Alikuwa na madaraka yote, na hakuweza kujitawala mwenyewe. Tamaa ikamtawala, hofu ikamtawala, washauri wabaya wakamtawala. Yosefu Mukasa Balikuddembe alipomwambia ukweli, mwezi Novemba 1885 aliuawa.

Katika jumba hilohilo walikuwepo watumishi vijana. Karoli Lwanga akawa mlezi wao badala ya Mukasa. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Lwanga aliwabatiza wenzake usiku, hatari ikiwa mlangoni, na tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto Namugongo pamoja na Kizito na wengine.

Sasa niambie, mfalme pale alikuwa nani? Aliyekuwa kwenye kiti hakuweza kuutawala hata mwili wake. Mtoto wa miaka 14, asiye na kitu, aliutawala hata woga wa moto. Mafuta ya Ubatizo yalikuwa hayajakauka kichwani, na tayari alikuwa mfalme.

Wala tusimtupe Mwanga. Baadaye aliondolewa kitini na kupelekwa uhamishoni Visiwa vya Shelisheli, na huko alibatizwa kabla ya kufa mwaka 1903. Huruma ya Mungu hufika hata kwa waliovaa taji vibaya.

Kazi ya mfalme ni nini?

Tukiona picha za vijana wa kifalme tunaona nguo na magari. Kazi hatuioni. Mfalme Oyo alipokua alikubali kuwa balozi wa UNAIDS kwa vijana wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, kuzungumza nao habari za UKIMWI. Hilo linatugusa sisi moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulionyesha Njombe ikiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 11.4 ya watu wazima, zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa. Wale wadogo ulioachiwa, baadhi yetu tunajua waliachwaje.

Basi kijana mfalme wa Njombe anafanyaje? Anajitawala. Anautunza mwili wake na mwili wa mwenzake kwa ajili ya ndoa. Anakwenda kupima bila kujificha. Akiwa anatumia dawa, anazimeza kila siku, akijua bado ni mwana wa Mfalme. Na akimwona mwenzake anatumia dawa, hamnong'onezi wala hamweki kwenye stetasi ya WhatsApp.

Mfano mwingine unanifundisha sana. Aiko, binti pekee wa Mfalme Naruhito wa Japani, hawezi kurithi kiti cha baba yake, kwa sababu sheria yao inaruhusu wanaume tu. Tangu Aprili 2024, alipomaliza chuo kikuu, ameajiriwa kwenye Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi yao. Dada zangu, na wewe kijana unayesema "mimi hakuna atakayenipa cheo", sikilizeni: kutumika hakusubiri kiti.

Kiti cha Mfalme wetu

Mwishowe tuiangalie Injili. Kanisa lingeweza kutuchagulia siku hii Yesu akigeuka sura mlimani au akipaa mbinguni. Likatuchagulia Luka 23: Mfalme yuko msalabani. Watu wanatazama, wakubwa wanamdhihaki, askari wanampa siki. Wote wanamwambia neno lilelile: kama wewe ni mfalme, jiokoe.

Hilo ndilo jaribu la kila aliyerithi mapema. Jiokoe mwenyewe! Achana na wadogo, panda basi Makambako, nenda mjini ukaanze maisha yako. Nani atakulaumu? Yesu hakujiokoa. Alibaki pale alipokuwa, na kwa kubaki akamfungulia paradiso mhalifu aliyekuwa pembeni yake. Hiyo ndiyo amri yake ya kwanza akiwa kwenye kiti chake: kumwingiza nyumbani mtu asiyestahili.

Sisemi usiondoke kamwe kwenda kutafuta maisha. Nasema usimwache mtu msalabani ili wewe uonekane umeshinda. Unapoamka saa kumi na moja kumchemshia mdogo wako uji kabla hajaenda shule, umekaa kwenye kiti kilekile alichokalia Kristo. Ngoma hazilii, lakini mbinguni wanajua nani yuko kitini.

Zoezi la wiki

1. Uliza tarehe yako ya Ubatizo, kwa mzazi au kwenye ofisi ya parokia. Iandike mahali unapoiona kila siku.
2. Mpigie msimamizi wako simu, hata kumsalimia tu.
3. Mtafute kijana mmoja kigangoni kwenu aliyeachiwa wadogo. Nenda na wenzako wa VIWAWA au TYCS mkamsaidie kazi ya siku moja: kulima, kuchanja kuni, kuziba bati.

Sala

Ee Yesu Mfalme, ulinipaka mafuta nikiwa sijui kitu. Leo najua, nami nakubali. Kiti ulichonipa ni kizito, na wengine tumekirithi huku tukilia. Kaa karibu nami. Nifundishe kujitawala kabla sijataka kutawala wengine. Wapokee wazazi wetu waliotangulia, uwalinde wadogo walioko mikononi mwetu. Na siku nitakapotaka kukimbia, unikumbuke, Bwana, katika ufalme wako. Amina.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.

Mtakatifu Kizito, mtoto uliyekuwa mfalme kweli, utuombee.

Dominika njema, na Kristo Mfalme atawale!