Stroberi ya Kibarazani ni ya Nani?

Mtu aliyepanda stroberi kwenye gunia au ndoo kuukuu, akazimwagilia na kuzipalilia mpaka tunda la kwanza likaiva, husema bila kusita: “Hili ni langu.” Ana haki, kwani jasho ni lake. Lakini je, aliyepanda ndiye aliyeotesha?

Swali hilo ni la kale. Qurani, katika sura ya 56, inamuuliza mkulima kama ni yeye anayeiotesha mbegu yake. Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anawaachia wanadamu kupanda na kutia maji. Kukuza anamwachia Mungu.

Historia ya stroberi inalipa swali hilo uzito. Mwaka 1714, Amédée-François Frézier, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alirejea kwao kutoka Chile na miche mitano iliyonusurika baharini. Ilikuwa ya aina yenye matunda makubwa, ambayo Wamapuche walikuwa wameilima tangu zamani. Miche miwili alimpa msimamizi wa shehena, aliyeruhusu maji haba ya merikebu yatumike kuimwagilia.

Miche ilistawi Ufaransa, ikachanua, lakini haikuzaa. Frézier alikuwa amechukua ya kike mitupu.

Matunda yalikuja pale ilipopandwa karibu na stroberi za Amerika Kaskazini, chavua ikavuka kutoka ua hadi ua. Mchanganyiko huo ndio chanzo cha stroberi kubwa zinazolimwa leo, na mwaka 1766 Antoine Nicolas Duchesne, kijana Mfaransa, aliieleza asili yake. Bidii ya wakulima ilikuwepo miaka yote. Kilichokosekana hakikuwa jasho.

Hata leo hali ni hiyo. Vipunje vilivyo juu ya ngozi ya stroberi ndivyo matunda yenyewe. Nyama tamu ni kitako cha ua kilichovimba. Chavua isipokifikia kipunje, nyama iliyo chini yake haivimbi, na tunda hutoka limepinda. Mkazi wa ghorofani, asikofika nyuki, anaweza kupitisha brashi laini juu ya maua. Lakini kazi yake inaishia kwenye kubeba chavua. Kuvimbisha si kwake.

Wapo watakaosema: basi mkulima aache, yote ni ya Mungu. Hawako sahihi. Mizizi ya stroberi haiendi chini sana, na akisahau maji siku chache za jua kali, mmea hunyauka. Kazi yake ni ya lazima, ingawa haitoshi. Kwa hiyo alichonacho mkononi ni amana.

Amana ina masharti. Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim inahesabu kuwa sadaka kila anachokula ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Mwislamu. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inamwagiza mvunaji awaachie maskini na mgeni pembe za shamba. Kufunika mmea kwa wavu si dhambi, kwani kutunza ni sehemu ya amana. Kosa ni kudhani kwamba wavu unampa mtu umiliki wa kila punje.

Stroberi yenyewe hurahisisha utoaji. Hutoa vikonyo virefu vinavyotambaa, vikagusa udongo na kuota mizizi, na kila kimoja huwa mche unaofanana kabisa na mama yake. Mwenye stroberi kibarazani na aanzie hapo: mche mmoja ampelekee jirani, bila kumdai kitu, na amwonyeshe namna ya kuutunza.