Fuawe Haikufuati, Ifuate Wewe

Kijana uliyemaliza kozi ya ufundi na sasa umekaa kijiweni Bagamoyo ukingoja mtu akufungulie karakana, inuka. Kifaa cha kwanza cha karakana yako huenda kimelala chini ya rundo la mabati na springi za lori katika uwanja wa muuza skrepa, mwendo wa nauli moja ya daladala. Ni fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi huweka juu yake kazi iliyotoka motoni na kuipiga nyundo mpaka itii. Imekula kutu, imeganda grisi, na anayeiuza anaiona kilo tu. Lori likija itapakiwa kwenda kuyeyushwa iwe nondo. Tanuri halichagui, na likishameza halitapiki.

Wahenga wa mwambao walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Basi gaagaa! Ukanda huu, kutoka Dar es Salaam kupitia Bagamoyo, Saadani na Pangani hadi Tanga, umepitiwa na zana nzito kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo, na watumwa waliokombolewa wakafundishwa pale kilimo na kazi za mikono, uhunzi ukiwamo. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka huohuo Richard Hindorf akaleta mkonge. Penye reli na penye korona ya kuchakatia mkonge hapakosi karakana ya kunyooshea chuma. Karakana nyingi za namna hiyo zilifungwa, lakini chuma hakiozi kama makuti. Kiliuzwa, kikahamishwa, kikawa kigingi cha mlango au kiti nje ya gereji. Waulize wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Waulize mafundi wa majahazi. Mzee ukimwamkia vizuri na kukaa naye, atakuelekeza.

Wala usidhani ufuaji chuma ulikuja na wageni hao. Katika karne ya 12 mwanajiografia Al-Idrisi aliandika juu ya watu wa Malindi waliochimba chuma na kukifanyia biashara. Huko Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi na kuheshimiwa kwa uhunzi. Ukishika nyundo hujaazima kazi ya mtu. Umeirudia kazi iliyokuwa ya kwenu.

Sasa jifunze kuitambua, maana kutu huficha hazina na rangi mpya huficha ubovu. Nenda na gololi ya beringi, nyundo ndogo, rula, tupa na brashi ya waya. Sugua ubavuni kwanza. Fuawe nyingi za kale za Kiingereza, kama za Peter Wright, zina tarakimu tatu ubavuni. Ya kwanza huhesabu uzito wa ratili 112, ya pili robo zake, yaani ratili 28, na ya tatu ratili zinazobaki. Ukisoma 2, 1 na 7, jumla ni ratili 259, karibu kilo 117 na nusu. Za Kijerumani kwa kawaida huandikwa kilo moja kwa moja. Kwa kuwa skrepa huuzwa kwa kilo, ukijua kusoma ubavu utajua bei kabla ya mzani kuguswa.

Kisha isikilize. Igonge kwa nyundo ndogo. Sauti inayolia kama kengele ni dalili njema, na mlio wa debe bovu ni onyo la ufa au chuma cha kumimina kisicho na uso wa chuma cha pua. Usiihukumu kwa sauti peke yake. Angusha gololi juu ya uso kutoka sentimita 25. Ikiruka kurudi sentimita 18 au zaidi, uso una uhai. Ikishindwa kufika nusu, uso umelainika, pengine kwa kuunguzwa. Pitisha tupa, na ikiteleza bila kung'ata, uso bado mgumu. Laza rula uone bonde, kagua kingo na pembe, na hakikisha tundu la mraba na la duara hayajapasuka. Kingo zilizomeguka kidogo zisikutishe. Ufa unaokimbia katikati ya uso ukuondoe hapo.

Na uwe mwaminifu. Vyuma vilivyo kwenye magofu ya Kaole au kwenye jumba la makumbusho la misheni vina ulinzi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na vyuma vya reli ni mali ya umma. Nunua kwa anayemiliki, dai risiti, itunze. Karakana iliyoanza na wizi haitasimama.

"Lakini ni nzito!" Ndiyo, ni nzito. Mpagazi wa Bagamoyo alizoea kubeba kama frasila mbili, na fuawe ya kilo 117 ni zaidi ya frasila saba. Lakini Novemba 1874 wapagazi walitoka mji huuhuu na boti nzima, Lady Alice ya msafiri Stanley, iliyokatwa vipande, na mapema mwaka 1875 ikaelea katika Ziwa Viktoria. Vitabu vimemsifu mwenye msafara, nami nawasifu waliobeba. Walifika kwa sababu mzigo uligawanywa na kila bega likajua zamu yake. Wewe unahitaji marafiki wanne, kamba imara, mtaimbo, mbao mbili nene na guta au kirikuu. Kwenye mchanga, iviringishe juu ya magogo kama wavuvi wanavyopandisha chombo ufukweni. Ipandishe kwa mbao, uilaze juu ya ekseli na kuifunga isicheze. Vaa viatu vigumu, inyanyue kwa miguu wala si kwa mgongo, na asiwepo mtu upande inakoweza kuporomokea. Mmoja aite "Harambee!" na wote mvute pamoja.

Ikifika nyumbani, usiikimbilie na grenda. Uso ule mgumu ni mwembamba, na ukiukwangua umetupa thamani uliyoitafuta. Sugua kutu, paka mafuta, na uikalishe juu ya gogo la mwembe lililozikwa ardhini, uso ukifika kwenye vifundo vya ngumi mkono wako ukining'inia. Kisha washa mkaa siku hiyohiyo.

Utauza nini? Tazama jikoni kwa mama. Mbuzi ya nazi ina ulimi wa chuma unaochakaa. Nenda ufukweni, kuna nanga, chusa na misumari ya majahazi. Fundi wa jahazi anataka tezo linaloshika makali, na mkulima wa Kiwangwa anataka jembe lake linyooshwe kabla ya mvua. Majumba ya kale ya Bagamoyo yana milango inayodai bawaba na makomeo ya kufua kwa mkono. Springi moja ya lori, ikipata moto na nyundo, ni panga, tindo na patasi.

Kama fuawe yenyewe bado hujaipata, anza na kipande cha ekseli nene ulichokinunua kihalali. Mchagua jembe si mkulima, na mkono wenye mazoezi utaijua fuawe nzuri upesi kuliko jicho la mtazamaji.

Kwa hiyo usilale leo bila mpango. Jumamosi tia gololi mfukoni, wapigie wenzako wanne, na mwanze na uwanja wa skrepa ulio karibu zaidi. Ukikosa, nenda wa pili, kisha Pangani, kisha Tanga. Ukiipata, ilipie, ifunge, ilete. Jumatatu majirani wasikie nyundo yako kabla hawajafungua maduka!